Mchele wa Bibi Han

Mlio ninaoukumbuka kuliko yote ya miaka yangu ya kazi ni wa mchele kumwagika. Kengele za vyumbani nilizisikia kila siku mpaka masikio yakazizoea, lakini ule mchele niliusikia mara moja tu. Nilikuwa navua foronya kwenye kitanda cha chumba cha mwisho, mshono ukafumuka, punje zikaanza kudondoka kwenye sakafu ya plastiki, kwanza mojamoja, halafu zote kwa mkupuo, chaaa, kama mtu amefungulia bomba. Mwenye kitanda, bibi mmoja mfupi wa Kikorea, alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu akinitazama. Hakunilaumu wala hakunieleza kitu. Aliinama kadiri kiti kilivyomruhusu, akaanza kuokota.

Nitafika huko. Kwanza nijieleze.

Mimi ni Tusekile, mzaliwa wa Kyela, na nimestaafu. Wenzangu wanacheka nikilitumia neno hilo kwa sababu sijafika miaka arobaini. Lakini mgongo wangu umestaafu, na kwa kuwa naishi nao, tumestaafu wote. Daktari alinionyesha picha ya uti wa mgongo akaniambia nisinyanyue kitu kizito kuliko galoni ya maziwa. Nikamuuliza, na binadamu je? Akadhani natania.

Naandika kwa ajili yenu mnaoanza, hasa ninyi wadogo zangu mnaofika Minnesota na kuambiwa na mashangazi zenu kwamba kulea wazee hakuhitaji elimu kubwa. Ni kweli. Mimi nina kidato cha nne na cheti cha wiki chache. Kazi hii inataka mgongo, pua na moyo, na vyote hivyo vinachakaa. Mambo ya kupandishwa cheo sitayasema, maana yangekwisha kabla sijageuza ukurasa.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa ya baridi ambayo nilikuwa sijaamini kwamba ipo duniani. Nilikuwa nakaa kwa shangazi mtaa wa Phillips, na mtu aliyekuja kunichukua kwa gari alikuwa Mama Kerubo, Mkisii kutoka Kenya, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa ameifanya kazi hii miaka mingi kabla yangu. Nyumba yenyewe ya wazee ilikuwa Champlin, karibu kabisa na Mto Mississippi, kwenye barabara tulivu ambako majirani walikuwa wanajua majina ya mbwa wa wenzao kuliko majina ya wenzao. Njiani kote mimi nilikuwa naota. Nilimweleza Mama Kerubo kwamba nitafanya kazi hii kidogo tu, kisha nitafungua mgahawa wa wali, wali wa kila aina, na ukutani nitachora ziwa la kwetu. Alinisikiliza mpaka tukafika, akazima gari, akasema, "Sawa. Lakini leo tunaanza na choo."

Kifaa cha kwanza alichonipa ni mkanda mpana wa kumfunga mgonjwa kiunoni unapomsimamisha. "Wewe msichana wa Tanzania, wacha heshima mingi," akaniambia. "Ukimshika na sleeve, ataanguka na wewe utafutwa. Shika belt. Na usi-lift na mgongo, lift na miguu." Nilimtii vizuri. Kilichonimaliza ni zile shifti ambazo tungetakiwa kuwa wawili kwenye winchi ya kunyanyulia wagonjwa nikawa peke yangu. Mkiachwa peke yenu na winchi, wadogo zangu, kataeni. Semeni mmeambiwa na mtu mwenye mgongo wa bibi.

Mtu wa kwanza kufa nikiwa nimemshika mkono alikuwa mzee aliyewahi kuendesha basi la shule. Nilikimbilia chumba cha kufulia kulia. Mama Kerubo akanifuata, akanimwagia mbele yangu taulo zilizotoka kwenye mashine zikiwa bado za moto. Akasema, "Lia, lakini ukikunja." Nilikunja taulo zote za nyumba ile. Mpaka leo nikisikia harufu ya taulo za moto natafuta cha kukunja.

Miaka ikaenda, nikawa mimi ndiye ninayewamwagia wengine taulo. Ndipo akaja Bibi Han.

Aliletwa na mwanawe, Peter, mwanamume wa makamo, fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto, mwenye mikono iliyokwaruzwa na bati. Bibi alikuwa amepata kiharusi kidogo, na akili ilikuwa imeanza kumpotea. Kiingereza alichokisema miaka yote aliyoishi Amerika kilikuwa kinamtoka kama nywele, kila wiki kidogo. Kilichobaki ni Kikorea. Peter alikuwa anakielewa Kikorea chote, ila akijibu anajibu kwa Kiingereza. Nilicheka kimoyomoyo, maana watoto wa shangazi yangu ni hivyohivyo. Unamtuma kwa Kiswahili, anakukatalia kwa Kiingereza.

Urafiki wetu ulianzia kwenye ukoko. Mimi wali napika kwa sufuria, sipendi ile mashine ya shangazi kwa sababu haitoi ukoko, na siku hiyo nilikuwa nimeubeba kwenye kopo uwe chakula changu cha mchana. Nilipolifungua karibu naye, Bibi Han aligeuza shingo kama mtu aliyeitwa. "Nurungji," akasema, yaani ukoko kwa lugha yao. Nikampa kipande. Wakati ule alikuwa bado anameza vizuri. Alikitafuna kwa meno yake ya bandia kwa kelele hadi Mama Kerubo akatoka jikoni kuuliza nani anavunja sahani. Kisha Bibi akanielekeza kwa mikono nimiminie maji ya moto kwenye makombo, nisubiri, ninywe. Kwetu ukoko watoto tunaugombania mkavu. Kwao wanaulowesha, na yale maji yake wanayanywa baada ya kula. Niliyanywa. Yana ladha ya nyumbani kwa mtu mwingine.

Peter alipokuja nikamwambia habari hiyo, akacheka, akasema mama yake ni mtu wa Gimje, na watu wa Gimje wamezaliwa ndani ya mpunga. Nikamwambia na mimi pia. Basi ikawa kila Jumapili akija, anaketi, mama anasema kwa Kikorea, yeye ananieleza, mimi namkata bibi kucha. Hivyo ndivyo nilivyoufahamu mji ambao sijaukanyaga na pengine sitaukanyaga.

Korea imejaa milima, lakini Gimje ni tambarare mpaka macho yanachoka. Ni mahali adimu katika nchi yao ambako unaweza kuona mbingu imeikalia ardhi bila mlima kuingilia. Kuna bwawa la kale sana, zaidi ya miaka elfu moja, lililojengwa kwa ajili ya kumwagilia mpunga. Lilishakauka, limebaki tuta refu na nguzo za mawe za milango ya maji, zimesimama mashambani kama watu waliosahau kuondoka. Wakati wa kupanda, watu wawili walivuta kamba toka ukingo hadi ukingo, wanawake wakajipanga kwenye tope wakichomeka miche kwa kuifuata kamba, wakirudi nyuma hatua kwa hatua, na wanaume wakiwapigia ngoma na kusimamisha bendera ya kijiji. Chakula kililetwa shambani kichwani, na pombe nyeupe ya mchele. Kwetu Kyela wengi tunarusha mbegu kwa mkono na kuomba mvua, kwa hiyo niliona hao wenzetu ni wa nidhamu kupita kiasi. Lakini kuamia ndege ni kulekule. Peter alinionyesha kwenye simu sherehe wanayoifanya siku hizi kila vuli, sanamu za kutishia ndege zimepangwa kando ya mashamba ya dhahabu, watoto wanakimbiza panzi. Bibi aliitazama ile simu kwa muda mrefu. Akauliza kitu. Peter akanitafsiria: anauliza huo mpunga ni wa nani.

Sikuelewa swali lake siku hiyo.

Jambo jingine lililotuunganisha ni majina. Kiingereza kina neno moja tu, rice. Ukienda kwenye maduka ya Waasia mtaa wa Frogtown, au ukisoma juu ya gunia, au ukikaa mezani, ni neno lilelile. Sisi tuna mpunga shambani, mchele gunini, wali mezani. Na Wakorea pia wana majina matatu. Nilimfundisha yangu, akanifundisha yake, tukawa tunasalimiana hivyo asubuhi. Wafanyakazi wengine walidhani tunasali.

Basi ndipo foronya ikapasuka.

Tulipotazama vizuri, tukakuta mchele kila mahali: kwenye soksi, kwenye glovu za baridi, ndani ya sanduku la tishu. Peter alikuwa akimletea kifuko kidogo kila alipoomba, akidhani mama anapenda kukishika tu. Sasa hapa ndipo kila mmoja wetu alipokosea kwa namna yake. Mama Kerubo alisema huyu amewahi kushikwa na njaa, mpeni chakula zaidi, na kuanzia siku hiyo akawa anamrundikia biskuti na uji wa chokoleti. Mimi, mtoto wa wakulima, nikadhani anaficha mbegu. Nilipiga magoti nikamweleza kwa upole kabisa kwamba huu umeshakobolewa, bibi, hauoti, mbegu ni mpunga. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyekuambia maji yanalowesha.

Mwanzoni mwa baridi, panya alionekana kwenye korido. Msimamizi wetu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni ilisema hakuna nafaka mbichi vyumbani. Wasafishaji wawili wakaingia chumbani kwa Bibi Han na mifuko myeusi. Mmoja akachukua mpini wa ufagio, akawa anachokonoa chini ya godoro na nyuma ya kabati.

Bibi alipiga ukelele ambao sijausikia kwa mtu yeyote, na nimewasikia wengi. Alijitupa toka kwenye kiti hadi kitandani, mwili mzima, akalifunika lile godoro. Nilipomshika alikuwa amekakamaa kama ubao. Waliuchukua mchele wote hivyohivyo. Kuanzia jioni ile akafunga mdomo. Kijiko kikikaribia, anageuza uso.

Peter aliitwa. Alikaa kando ya kitanda na nguo zake za kazi, mama akaongea naye kwa sauti ndogo, kwa muda mrefu, na Peter safari hii hakutafsiri. Alitoka nje kwenye korido, nikamfuata na kikombe cha kahawa. Ndipo akanieleza, akiutazama ukuta.

Mama yake alipokuwa mtoto, nchi yao ilikuwa chini ya Wajapani. Ule mpunga wote wa Gimje, tambarare nzima, ulikuwa unabebwa kwenda bandarini na kupakiwa melini. Waliolima walikula shayiri, na shayiri ilipokwisha walikula mashudu ya soya, kama mifugo. Wakati wa vita ikawa mbaya zaidi. Wanaume walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba na vyuma vyenye ncha, wanachokonoa sakafu, wanachokonoa majani ya paa, wanachokonoa mitungi, wakitafuta mchele uliofichwa. Katika baridi moja ya namna hiyo mama yake Bibi Han alifariki.

"Wao wana desturi," Peter akasema. "Walikuwa nayo. Mtu akishakufa, anaoshwa, kisha anatiwa mchele mdomoni. Uliolowekwa. Kwa kijiko cha mti wa mwerebi, ule unaoota kando ya mito. Vijiko vitatu. Ili asafiri ameshiba."

"Na bibi yako, aliyemzaa mama?"

"Hapakuwa na punje. Wamezungukwa na mashamba ya mpunga mpaka mwisho wa macho, na hapakuwa na punje. Walimtia shayiri. Mama aliona."

Ukoo wangu umelima mpunga tangu sijui lini, na nilijaribu kuifikiria shayiri ile mdomoni mwa mama yangu, nikashindwa.

"Kwa hiyo ule wa kwenye foronya," nikasema, "haukuwa wa kula."

"Ulikuwa wake. Wa siku yake. Ananiuliza kama nitamfanyia."

"Umemjibu nini?"

Alikunywa kahawa kwanza. "Nimemwambia tutaona. Tuse, mimi sijui mambo haya. Baba tulimzika hapa, na maua, na kahawa na keki kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Mama mwenyewe amefundisha watoto Jumapili miaka mingi. Mchungaji atasema nini? Na hata nikitaka, naanzia wapi? Hakuna aliyenionyesha."

Mimi pia ni mtu wa kanisa, Mlutheri. Nilichomwambia ni kwamba mimi nikifa huku, sijui nani atakayejua namna ya kunililia kwa kwetu. Alicheka kidogo, bila furaha. Akarudi kazini, maana baridi ilikuwa imekaza na mitambo ya watu ilikuwa inazimika mji mzima.

Wiki zilizofuata ni zile ambazo katika kazi hii hakuna anayekufundisha. Mtaalamu wa kumeza alikuja, akaandika kwamba Bibi apewe vyakula vya kusagwa tu na maji yaliyotiwa unga wa kuyafanya mazito. Niliupika ukoko wangu, nikachuja maji yake, nikayatia ule unga mpaka yakawa kama gundi. Alionja ncha ya kijiko kwa ajili yangu, akafumba macho, basi. Uzito ukawa unashuka. Wakaja wauguzi wa hospisi, wale wanaowahudumia watu waliofikia mwisho. Mama Kerubo, ambaye hakuamini kifo cha mtu mpaka akione, alikubali kuacha kumletea biskuti.

Nawaambia ninyi mnaoanza: mtu akifika hapo, tunza mdomo. Sifongo ile ndogo ya kijiti, maji ya uvuguvugu, midomo, ulimi, ndani ya mashavu. Kila mara nikimsafisha, Bibi alikuwa ananishika kidole gumba na kuniuliza neno lilelile moja. Jina la Kikorea la Peter. Nikawa najibu kwa Kiswahili, "Anafikiria, bibi. Bado anafikiria." Uongo ningeweza kuusema kwa urahisi, maana asingejua. Sikuthubutu.

Alifariki mchana, theluji ikianguka, nikiwa kwenye zamu yangu. Muuguzi alikuja akathibitisha, akapiga simu kwa watu wa mazishi. Tulimwosha mimi na Mama Kerubo. Peter alikuwa kwenye nyumba ya mteja upande wa pili wa mji, na barabara zilikuwa mbaya. Nilidhani gari la mazishi litamtangulia.

Aliingia na theluji mabegani, amekumbatia gunia la mchele, lile kubwa, kama mtu anayepeleka msaada. Akasema dukani hawakuwa na dogo. Kisha akatoa mfukoni kitu kilichoviringishwa kwenye kitambaa cha kufutia mashine. Kilikuwa kijiko. Alikuwa ameteremka mtoni siku nyingi zilizopita, akakata tawi la mwerebi, akawa analichonga ndani ya gari lake wakati wa chakula cha mchana. Kilikuwa kibaya, kinafanana na kijiti cha kuvalia viatu. Mama Kerubo alikitazama, akafungua mdomo, akaufunga, akatoka na kutufungia mlango. Namheshimu kwa mengi, lakini kwa hilo zaidi.

Tuliloweka mchele kwenye kikombe cha meno ya bandia, nilichokisugua kwanza kwa sabuni, kwa sababu chombo kingine hakikuwepo chumbani. Tukasubiri. Peter akanieleza alivyojifunza: upande wa kulia, upande wa kushoto, kisha katikati, na kila kijiko kina maneno yake. Magunia mia. Magunia elfu. Magunia elfu kumi.

Nilimfungua Bibi mdomo kwa vidole viwili. Peter akatia kijiko cha kwanza, kulia, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikamsikia akisema Kikorea. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. Cha pili, kushoto. Akasema. Punje mbili zikabaki kwenye mdomo wa chini, akazisukuma ndani kwa kidole. Akachota cha tatu, akakisimamisha njiani, maji yakadondoka kwenye shuka. Akaurudisha ule mchele kikombeni.

"Siwezi," akasema. "Nikitia hiki, atakuwa ameondoka."

Aliweka kijiko juu ya kabati, akasema anaenda kuangalia kama amezima gari. Nilisikia buti zake kwenye korido, kisha mlango wa nje. Kupitia dirishani nikamwona ameketi nyuma ya usukani, ameegemeza kichwa. Nikasubiri. Nilimsubiri vya kutosha, nawaambia. Kisha gari refu jeusi la mazishi likakata kona polepole kwenye theluji, taa zake zimewashwa, likaingia uani.

Nikachukua kijiko. Nikachota, nikachuruzisha maji pembeni ya kikombe, nikamtilia katikati. Maneno ya Kikorea yalikuwa yameshanitoka, nikayasema kwa kwetu, taratibu ili asikie. Magunia elfu kumi, bibi. Ni yako. Kisha nikamshika kidevu, nikaufunga mdomo, nikakishikilia hivyo kwa kiganja, mpaka waliobisha hodi wakafungua mlango wenyewe.